Mteja wa Kitako Chepesi

Kila Jumamosi huingia kwa Verna, fundi bunduki wa mji wao mdogo kule Idaho, pande la mtu ndani ya kijikoti cha kuwindia, mikono ya koti ikimkomea viwikoni. Hushika vitako vya bunduki kimojakimoja, vya mbao, vya plastiki, vya kaboni. Hufumba macho, akakiegemeza begani, akalaza shavu taratibu kama juu ya mto. Akifumbua, hutikisa kichwa.

"Kizito. Tena kirefu."

"Mzee, punguza tumbo kwanza, bunduki utaiona nyepesi!" humtania Verna. Mzee hucheka bila sauti, mabega yakitikisika, akaomba kingine.

Msimu wa kulungu ulipokaribia, alikuja na mkewe, mwanamke mfupi, ambaye tangu apasuliwe bega hajapanda mlima kuwinda. Akamvika lile koti, likamkaa sawasawa. Akampa kitako alichokichagua. Mama akakiweka begani, shavu likatua penyewe.

"Hiki naweza," akasema.

Mumewe akageukia ukutani, akapenga kamasi kwa kishindo. Mama akainua mkono, akaona kwapa la koti lake limefumuka.

"Kumbe ni wewe uliyelipasua! Na mimi nimewategea panya mwezi mzima!"