Usiku Polisi Walipomtafuta Mwenye Panga

Kwenye bucha moja pale Merrylands, mtaa wetu hapa Sydney, kuna bwana anayenoa visu mbele ya wateja. Akianza tu, kwaruu, kwaruu, mimi nasahau kilichonipeleka. Kicheko kinanipanda chenyewe, na watu kwenye foleni wananitazama kama nimepungukiwa. Ngojeni niwaeleze, huenda nyinyi mkanielewa.

Baba yangu alikuwa na panga. Msishtuke. Alilinunua duka la vifaa vya bustani, na mchana kazi yake ilikuwa halali kabisa: kufyeka majani na kukata mabua ya mahindi aliyopanda nyuma ya nyumba, wakati wenzake wote mtaani walipanda maua. Kila Jumamosi alilinoa kwenye ngazi ya saruji, akalipaka mafuta ya kupikia, kisha akalijaribu kwa kunyoa vinyweleo vya mkono wake. Usiku ndipo lilipobadilisha kazi.

Sisi ni Warundi, nami nilizaliwa kambi ya wakimbizi, kule Kigoma, kabla hatujaletwa Sydney. Kambini baba hakulala bila kuzunguka nyumba, na Sydney hakuona sababu ya kuacha. Mama alifanya kazi ya usiku ya kuhudumia wazee kule Westmead, kwa hiyo tulibaki watatu: baba, mimi niliyekuwa na miaka kumi, na mdogo wangu Ezra, ambaye akilala hata ngoma haimwamshi. Saa nne ikifika, baba alivaa koti kubwa tulilopewa kanisani, akajifunga kitenge cha mama juu ya pajama kwa ajili ya baridi, akavuta kofia yangu ya sufu mpaka kwenye nyusi, akatoka na tochi mkono huu na panga mkono ule. Alizunguka mara tatu huku akikohoa makusudi, ili mwizi ajue mwenye nyumba yupo na kifua chake ni kizima. Mwizi wa nini, sijui. Kitu chetu cha thamani kilikuwa televisheni, zile za zamani zenye kisogo kirefu, na kuibeba kulihitaji wanaume wawili.

Tena alikuwa na kanuni yake. "Usiku mlango haufunguliwi kwa kelele," alikuwa akisema, "unafunguliwa kwa jina." Anayebisha aseme yeye ni nani, ni mtoto wa nani, na katoka wapi. Hata mchungaji wetu aliwahi kutaja ukoo wake huku akinyeshewa.

Basi usiku mmoja wa Juni, baridi ikiuma kwelikweli, baba alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka kwenye mzunguko wake, hata koti hajavua. Mara mlango ukagongwa. Wala haukuwa ugongaji wa jirani anayeomba chumvi. Ngo! Ngo! Ngo! "Polisi!"

Baba alizima taa. Nilipotoka chumbani nilimkuta amesimama pembeni ya mlango, panga mkononi, na uso nisioujua. Akaninong'oneza, "Kaa chini."

Sasa, wiki chache kabla, askari mmoja wa kike alikuwa amekuja darasani kwetu. Alituambia kwamba polisi wakibisha usiku una haki ya kuwauliza ni akina nani na kuomba waonyeshe kitambulisho dirishani. Akasema pia kwamba kitu kinachomwogopesha polisi mlangoni ni mkono asiouona. Nikautazama mkono wa baba. Wakimwona gizani na lile panga watampiga risasi, na mimi ndiye pekee ndani ya nyumba niliyelijua hilo.

"Baba, weka panga chini."

"Nyamaza."

"Baba, watakuua! Washa taa, weka panga, halafu tuwaulize."

Nilikuwa natetemeka mpaka meno yanagongana. Baba alinitazama. Kisha akainama, akalisukumia panga chini ya sofa mpaka likagonga ukuta, akawasha taa. Ila kanuni ni kanuni.

"Waulize majina. Na ni watoto ya nani. Na wanatoka wapi."

"Baba, hao ni polisi!"

"Kwani polisi hawana baba?"

Aibu yangu siku ile, acheni tu. Nikavuta pazia nikauliza kwa Kiingereza, kama nilivyotumwa. Nje kulikuwa na jibaba moja lenye masikio mekundu kwa baridi, na mwenzake wa kike. Jibaba likabandika kitambulisho kwenye kioo, likasema linaitwa Brendan. Baba akasubiri. Brendan akamtazama mwenzake, akakohoa, akasema baba yake ni Kevin, na kwao ni Dubbo. Baba akaitikia kwa kichwa kama vile aliwahi kula kwao, akafungua mlango, viganja vyote viwili nje vikionekana.

Brendan akaeleza, nami nikatafsiri. "Wanasema jirani kapiga simu. Kuna mtu mwenye panga anazunguka nyumba yetu."

"Yesu wangu! Nyumba hii?"

"Hii hii. Sasa hivi."

"Waambie wasubiri," baba akasema, tayari anageuka, "nichukue panga yangu tumsake pamoja!"

Nilimshika koti kwa mikono miwili. "Baba, usisogee! Mtu mwenyewe, wanasema, ana kofia, ana koti kubwa, na amevaa sketi."

Baba alijitazama kuanzia juu, taratibu, mpaka akafika kwenye kitenge. Yule mwenzake Brendan macho yake yalikuwa yameshafika hapo zamani, na alikuwa anang'ata midomo asicheke. Nikawaambia mtu wao ndiye huyu. Brendan aliuliza panga liko wapi, baba akaonyesha kwa kidole bila kuligusa, na Brendan mwenyewe akapiga magoti akalivuta. Alimwomba alifungie kwenye banda la vifaa, azunguke na tochi tu. Kuhusu mlango, akasema, endelea vivyo hivyo: taa, maswali, mikono wazi. Walipoondoka baba alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mama aliporudi asubuhi hakucheka. "Polisi wameona kitenge changu cha harusi?" Jirani mwenyewe, bibi wa Kilebanoni aliyehamia wiki ileile, alipelekewa maandazi na pole.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nilimfundisha baba kufungua mlango. Nilikuwa mtu mzima mama aliponisimulia kwamba Burundi, kabla sijazaliwa, walibisha usiku watu wakisema ni askari. Kaka yake baba akawafungulia mikono mitupu, kama walivyoamuru. Wakaondoka naye, hakurudi. Tangu siku ile baba hakuwahi kusogelea mlango usiku bila kitu mkononi, isipokuwa usiku ule wa Merrylands.

Nilimuuliza baba kwa nini alinisikiliza, mtoto wa miaka kumi. Alikoroga chai yake kwanza.

"Humo ndani tulikuwa na woga mbili," akasema. "Yangu ilikuwa ya zamani. Nikafuata yako."

Nikalia palepale mezani. Akaniuliza kama chai imeniunguza.