Pua ya Mama Dawa

Pale mtaani kulikuwa na mtu mmoja ambaye ukimkuta kazini humsalimii, na wala hakuwa na kiburi. Mama Dawa ndiye aliyetia dawa katika tangi la maji la mtaa mzima. Kila alfajiri, akiwa ameshika kijiko cha kupimia, aliyepita nje ya uzio alipita kimya kama anapita msibani, asije akamkosesha kipimo. Hata walevi waliokuwa ndiyo kwanza wanarudi makwao walilijua hilo. Salamu ungempa akishanawa mikono, na hapo angekujibu mpaka uchoke mwenyewe.

Siku hiyo mkwewe hakungoja anawe. Kijana wa watu alikuwa amekesha zahanati na mkewe, bintiye Mama Dawa, aliyeshikwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Alikuja mbio, akaushika uzio kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama! Mama, nesi anasema mtoto amekaa vibaya!"

"Marahaba," akajibu Mama Dawa, na moyo ukampasuka. Akashuka ngazi ya tangi. Wakaulizana, wakajibizana, kijana akakimbia kurudi kwa mkewe. Mama Dawa alipopanda tena, akaikuta ndoo ndogo ya kukorogea dawa iko tupu. Akasimama anaitazama. Ameshaimimina tangini, au alikuwa ndiyo kwanza ameisuuza? Kijiko kiko mahali pake. Kopo la dawa limefunikwa. Mikono yake ilikuwa imeifanya kazi hiyo miaka nenda miaka rudi bila kumwomba ruhusa, na sasa alipoiuliza haikuwa na jibu.

Utasema, kwani tabu iko wapi, si atie tena? Mtunzaji aliyemtangulia alitia mara mbili siku moja, watoto wa mtaa wakatapika kutwa, naye akatimuliwa bila hata kupewa nafasi ya kujitetea. Na asipotia, maji yale yanatoka mtoni, yamepitia kwa watu na ng'ombe wao, kuhara kutaingia nyumba hadi nyumba. Mwenye pua angechota kikombe akanusa, basi, mambo yakaisha. Dawa ile haifichiki.

Lakini pua ya Mama Dawa ilikuwa imekufa. Mafua ya mwaka uliopita yalikuja, yakaondoka, yakabeba na harufu zote. Aliwahi kuunguza mboga huku amekaa kando ya jiko. Hakumwambia mtu. Mtunza maji asiyenusa ni sawa na mlinzi asiyeona: wangemnyang'anya ufunguo wa tangi siku hiyohiyo, na bila ule ufunguo yeye ni nani? Mjane wa chumba kimoja. Mficha uchi hazai, ndivyo alivyomsema bintiye alipoona haya kwenda kliniki, na mwenyewe huku kajifunika gubigubi. Kila asubuhi aliinamia kikombe, akavuta hewa, akajifanya ameridhika.

Jua likachomoza. Ndoo zikaanza kugongana nje ya lango, foleni ikarefuka. Jasho lilimtoka Mama Dawa na hali kulikuwa na baridi. Nifungue tu, akajiambia, huenda nilitia. Nifungue, Mungu atanisitiri. Akafika kwenye koki, na wa mbele kabisa katika foleni alikuwa mkwewe, ameshika madumu mawili.

"Mama, upesi. Nesi anataka maji. Na mke wangu ana kiu, midomo imemkauka."

Mkono ukakataa. Ulishika koki na ukagoma kuizungusha. Atakayekuwa wa kwanza kuyanywa yale maji ni mwanawe.

"Sifungui," akasema.

Mwenyekiti wa kamati ya maji akasogea mbele. "Kulikoni, Mama Dawa? Watu wanachelewa kazini."

"Sikumbuki kama nimetia dawa."

"Sasa si unuse?"

Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ilikuwa na shughuli zake.

"Sinusi, mwenyekiti. Tangu mwaka jana sinusi kitu, hata moshi."

Mshona nguo, mwanamke mwenye mdomo mkali kuliko sindano zake, akapaza sauti kutoka nyuma: "Yaani mwaka mzima tunakunywa kwa bahati nasibu!" Mtu mmoja akacheka, akakosa wa kucheka naye. Mama Dawa aliumia, na aliumia zaidi kwa kuwa maneno yenyewe yalikuwa ya kweli.

Mwenyekiti akachota kikombe, akanusa, akampa mkwe naye akanusa. "Maji matupu," akasema mkwe, macho chini.

"Panda ukatie," mwenyekiti akaamuru. "Mimi niko hapahapa."

Akapanda. Akapima, akakoroga, akamimina, na mwenyekiti anamkodolea macho kama msimamizi wa mtihani. Ikabidi dawa ingojwe ifanye kazi, na mkwe hakuweza kungoja. Yule mshona nguo akatoka kwenye foleni akinung'unika, akaenda kwake, akarudi na dumu kichwani. "Nimeyachemsha jana. Kimbia, baba, unashangaa nini?"

Watu walipoanza kuchota, mwenyekiti akanyoosha kiganja. "Mengine tutayaongea kikaoni." Mama Dawa akaufungua ufunguo kwenye pindo la khanga, akauweka pale, akaenda zahanati mikono mitupu, akiogopa kila hatua atakachokikuta.

Alikuta kilio chembamba, na nesi amechoka anatabasamu. "Wa kike. Ametusumbua huyu, kageuka dakika ya mwisho." Mama Dawa akakaa kitandani akalia, na hakujua analilia lipi kati ya yote.

Binti, sauti imemkauka, akamsogezea kile kifurushi cha mtoto. "Mnuse, mama. Mnuse kichwani hapa."

Akainama mpaka nywele zile laini zikamgusa midomo. Akavuta pumzi, akavuta tena.

"Sinusi, mwanangu," akasema. "Hebu niambie wewe. Ananukiaje?"

Binti akamrudisha mtoto kifuani, akafumba macho, akaweka pua utosini.

"Kama nguo iliyoanikwa juani," akasema. "Ngoja kwanza. Na maziwa, kidogo."