Hodi ya Pili

Asubuhi ile Atuganile alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, kibao chake cha kioo kimeegemea ndoo, anasoma kwa sauti. Mumewe, mzee Lusubilo, alikuwa anapukuchua mahindi. Umande ulikuwa bado kwenye migomba. Maharage yalikuwa motoni.

Ilikuwa hadithi ya mtu aliyepotea kwao miaka mingi. Sasa amerudi. Amefika mlangoni, amebisha hodi, ndani kimya. Akabisha hodi ya pili.

Hapo Atuganile akanusa hewa, akakilaza kibao juu ya kigoda, akakimbilia jikoni.

"Ikawaje?" Lusubilo akamwuliza.

Alimjibu huku anakimbia, na mzee akacheka. Akaendelea kupukuchua, anangoja.

Harufu ya kuungua haikuisha. Ilizidi. Ndipo mzee alipoinuka. Alimkuta mkewe amekaa chini kando ya mafiga, ameegemea ukuta, mwiko mkononi, kama mtu anayepumzika kidogo. Sufuria lilikuwa limekauka, maharage yamekuwa meusi.

Kibao kilibaki kigodani mpaka jioni, waombolezaji walipohitaji pa kukaa.

Atuganile alizaliwa Ileje, akasoma mpaka darasa la saba. Alipochumbiwa na Lusubilo, ambaye shule yake ilikuwa ng'ombe wa baba yake, mashoga zake walimcheka: huko utamsomea nani? Akawajibu, "Huyo huyo." Na ndivyo ilivyokuwa. Walipohamia Ihanda kulima kahawa, alimsomea maandishi ya kwenye mifuko ya mbolea, ya kwenye vichupa vya dawa, matangazo ya chama cha ushirika. Majirani nao wakaja na makaratasi yao. Hakumfukuza mtu, ila kijana aliyetaka kusomewa ujumbe wa mchumba alimenya ndizi kwanza.

Macho yalipochoka, binti yao Fortunata, anayefanya kazi Vwawa, alimnunulia tableti inayokuza herufi. Yeye akaiita kibao. Kila aliposhuka Tunduma kuuza parachichi alipitia kwa Mwanakombo, mwanamke wa Pangani aliyefuata biashara ya simu huko mpakani, "kujaziwa" vitabu. Ndivyo alivyosema: kujaziwa, kama gunia. Na kila alipofungua ukurasa alilamba kidole kwanza.

"Mama Fortu, hicho kioo, si karatasi!" Mwanakombo alimwambia.

"Kiambie kidole. Mimi nimeshakiambia, hakisikii."

Baada ya maziko kibao kiliwekwa kwenye rafu, kwenye waya wa sola, mahali pake pa siku zote. Basi kila kunapokucha, jua likigonga paneli juu ya bati, umeme huingia na kioo huwaka chenyewe. Ukurasa ni ule ule. Mtu yuko mlangoni, kabisha hodi ya pili.

"Ni umeme tu, baba," Fortunata alimweleza.

"Ndiyo," alisema mzee.

Hakumwambia kwamba kabla ya mwanga hutangulia harufu ya maharage yanayoungua, na jiko limelala baridi. Alikataza mtu kukigusa. Kioo kikizimika, ulionekana juu yake mstari wa kidole, umekauka, umetoka kulia kwenda kushoto.

Kisha mgongo wa kibao ukaanza kuvimba. Fortunata akaja na kingine kipya. Akasema betri imeharibika, itakuja kuchoma nyumba, vitabu vihamishwe. Kuhamishwa: neno hilo mzee hakulipenda. Alijua kuhama. Alirudi Ileje mara moja kuona walikotoka, akakuta upupu umeota palipokuwa na mafiga. Na vitabu havikumsumbua sana. Alichoogopa kupoteza ni pale mahali mke wake alipoishia.

Siku jirani alipokiona kibao kinafuka moshi kidogo, alikubali. Alikifunga kwenye kitenge cha marehemu pamoja na kile kipya, akashuka Tunduma mwenyewe.

Mwanakombo alikitambua kitenge kabla ya kumtambua mtu. Akashika kinywa.

"Shikamoo, mzee wangu. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta. Wanasema anahamishwa."

Mwanakombo alisikia alivyosema. Hakumsahihisha.

"Hahami, mzee wangu. Nanakili tu. Huku yupo, na kule yupo."

"Mtu mmoja hakai nyumba mbili."

"Hee! Na mume wangu je, anayekaa tatu?"

Mzee alitaka kucheka, midomo haikufika. Mwanakombo akaunganisha waya. Nje malori yalikuwa yamepanga foleni kwenda mpakani, yanapiga honi. Kilipokuwa tayari, kibao kipya kilifunguka kwenye jalada la kitabu.

"Alikuwa ameishia wapi?"

"Hodi ya pili."

Akatafuta, akapata, akampa. Lusubilo alitazama kwa muda.

"Siyo hapa."

"Ni hapa hapa, mzee. Nakusomea: akabisha hodi ya pili."

"Kubisha kwake nakujua. Lakini siyo hapa. Mahali pake pana mstari mfupi huku chini, uko peke yake, kama mtu amekaa kwenye benchi."

Mwanakombo alivilaza vibao viwili pamoja. Kweli, maneno yalikuwa yale yale, ila herufi za kipya zilikuwa kubwa zaidi na mistari ikaangukia kwingine. Akapunguza. Akapunguza tena. Maneno yakawa yanasogea, yanapanda, yanatafutana, mpaka mstari mfupi ukaja ukakaa chini, peke yake.

"Hapo," alisema mzee.

"Nikusomee kama alifunguliwa? Ni kufungua ukurasa mmoja tu."

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kioo. Lusubilo alikishika kile kidole, taratibu, akakirudisha mezani.

"Acha kwanza asimame."

Mwanakombo akakizima cha zamani, akatoa betri, akampa gamba tupu pamoja na kile kipya. Hakudai kitu.

Asubuhi iliyofuata mzee alikaa kwenye kigoda, kibao kipya kiko kwenye waya ule ule. Kioo chake kilikuwa safi, hakina kidole cha mtu. Alihofu kwamba hakitajua desturi ya nyumba hii.

Harufu ilitangulia. Kisha jua likagonga bati, na kioo kikawaka chenyewe. Mstari mfupi ulikuwa pale chini, peke yake.

"Ikawaje?" aliuliza.

Jiko lilikuwa baridi. Na jibu alikuwa nalo moja tu, lile alilorushiwa siku ile na mtu anayekimbia:

"Kitabu hakikimbii, Baba Fortu. Ninayekimbia ni mimi."