Niliuza jivu la volkano kwa wajawazito wa Kirumba, na mke wangu alikuwa mmoja wao

Wakuu, heshima kwenu. Hili nimekaa nalo muda mrefu, na sitatia chumvi.

Miaka ya tisini kiwanda cha pamba nilichokuwa nafanyia kazi kilipunguza watu, nami nikiwemo. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu anauza. Nikapata meza Kirumba, karibu na soko la samaki.

Nikawa nauza udongo ule wanaokula wajawazito. Wangu ulikuwa wa kijivu, mabonge ya jivu la volkano, yanakuja na lori la vitunguu kutoka upande wa Arusha. Laini, una chumvi kwa mbali.

Nikawaambia akina mama unaongeza damu. Nani aliniambia? Hakuna, nilijitungia tu.

Mke wangu Leticia alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alikula kuliko wateja wote. Akaanza kuumwa tumbo, choo hapati, mikono haina nguvu. Hata ndoo inamshinda.

Jirani yetu, Mzee Bugomba, alikuwa anafanya kazi lab ya maji. Siku moja alimkuta Leticia anatafuna, akaniomba mabonge mawili. Moja akaloweka kwenye maji matupu, la pili kwenye maji ya ndimu, akaenda kupima.

Aliporudi hakukaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. La maji halijatoa kitu cha maana. La ndimu limeachia madini ya risasi, na hiyo ni sumu. Sasa tumboni mwa mkeo mna uchachu kuliko hiyo ndimu."

Leticia nikampeleka kliniki siku hiyohiyo. Kisha nikaanza kupita kwa wateja, mmoja mmoja.

Mama Kulwa alikuwa wa Sengerema, ikabidi nivuke na feri. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Si wewe uliyesema unaongeza damu?"

"Nilisema bila kujua, mama. Nisamehe."

Akaingia ndani, akatoka na mabonge yaliyobaki, akaniwekea mkononi.

"Nusu nilimgawia mdogo wangu, naye ana mimba. Yuko shambani. Twende ukamwambie mwenyewe."

Tukaenda. Nilimwambia.

Leticia alijifungua salama, mikono ikapata nguvu taratibu. Mama Kulwa naye alijifungua. Mimba ya mdogo wake ilitoka wiki chache baadaye. Daktari hakusema sababu, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Wakuu, msimwambie mtu kitu ni dawa kwa sababu tu kinauzika.

Wenye ujuzi wa madini nisahihisheni. Na dada unayesoma hapa huku unatafuna udongo, sikucheki. Niambie tu unautoa wapi.