Siku ya Jembe Ninayodaiwa na Meliyo

Siku ile mferejini tulikuwepo hawa: Meliyo, Saning'o, Lomayani na Petro, wenzangu wa shule ya misheni, Mzee Loibanguti, msimamizi wa mfereji, mdogo wangu Lemali na dada yetu Naserian, waliokaa kwenye nyasi wakilinda kibuyu cha uji, na mimi. Baba na Mama hawakuwepo. Ndui iliwachukua wote wawili katika masika ya mwaka ule, nikabaki mkubwa wa nyumba kabla sijaota ndevu.

Ninyi mliokulia mteremko huu wa Meru enzi za Mjerumani mnaijua baridi ya asubuhi zetu: umande miguuni, ngozi ya mbuzi begani, na maziwa mgando yenye harufu ya moshi, kwa sababu mama zetu walisafisha vibuyu kwa kijinga cha moto. Tulikwenda shule tukinuka hivyo hivyo, na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Yale masomo ya ubaoni yamenitoka mengi. Yaliyobaki ni ya alasiri, baada ya kengele: bustani ya shule, ngoma, nyimbo, na kutembea kwa mistari. Mwalimu Eliya, Mchaga mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, alichagua kiongozi mpya kila wiki.

"Kiongozi anachukua jembe bovu," alituambia. "Anasimama penye tope jingi. Na wimbo anauanzisha kwa mwendo wa aliyechoka kuliko wote."

"Mwalimu," Meliyo akamwambia, "basi mimi niache niongozwe mpaka nizeeke."

Tulicheka, lakini zamu ilipomfikia alilishika jembe bovu bila kunung'unika. Majuzi mjukuu wangu amechaguliwa kiranja shuleni kwake huko mjini. Kitu cha kwanza alichoniomba ni filimbi. Cha pili, viatu vinavyolia akitembea.

Wazazi walipofariki niliacha shule. Nilipokwenda kurudisha kibao cha kuandikia, Mwalimu Eliya hakunihubiria. Aliingia stoo, akatoka na lile jembe bovu la bustani, akanipa. "Kwako litatumika zaidi," akasema, akageuka haraka.

Mnaijua sheria ya mfereji. Kabla ya kiangazi kila boma hupimiwa kipande chake kwa mpini wa jembe, na hutoa mwanamume mmoja wa kukizibua. Boma lisilotoa mtu halipati zamu ya maji. Na mvulana ambaye hajatahiriwa, layoni, hahesabiwi kuwa mtu, hata akichimba mpaka ng'ambo ya mlima. Bila maji, migomba yetu na maharage yasingefika mwisho wa kiangazi, na ndugu wa Baba walikwisha sema wazi: shamba likikauka, Naserian atakwenda kwa shangazi, Lemali atakwenda kuchunga kwa watu, na mimi nitajijua. Niliwaeleza wenzangu Jumapili nje ya kanisa. Sikuwaomba kitu.

Asubuhi ya kuzibua niliwakuta wamenitangulia, majembe begani. Tukainamisha vichwa mbele ya Mzee Loibanguti atuguse, kama ilivyokuwa heshima. Alitugusa mmoja mmoja, kisha akaguna.

"Nilitaka mwanamume mmoja. Mmeniletea zizi la mbuzi."

"Ni kweli, baba," Meliyo akasema bila kuinua kichwa. "Lakini mbuzi hawa wamefundishwa jembe."

"Layoni hahesabiwi."

"Usituhesabu, baba," nikasema. "Hesabu mfereji tukimaliza."

Mzee akachomeka fimbo yake ardhini pale kipande chetu kilipoanzia. Nikaingia penye tope jingi na lile jembe langu. Petro alikuwa mdogo na mwenye kifua kibovu, kwa hiyo wimbo niliuanzisha kwa mwendo wake. Wanaume wa vipande vya jirani walitutania mwanzoni. "Layoni, mnazika nani?" Jua lilipopanda, wakanyamaza. Sisi tuliendelea kuimba nyimbo za bustani, majembe yakipanda na kushuka kwa pamoja, mpaka tukafika kwenye alama ya mwisho.

Mzee Loibanguti alifungua maji juu, akayafuata polepole ukingoni. Yalipita kwenye kipande chetu bila kusimama popote. Naserian akapiga makofi peke yake.

"Boma hili lina zamu," Mzee akasema. Kisha akanielekezea fimbo. "Lakini kwetu jembe hulipwa kwa jembe. Hawa kila mmoja anakudai siku yake, kwenye kipande cha nyumba yake. Usife nazo."

Ndugu zangu hawakugawanywa. Kwa Petro nililipa kiangazi kilichofuata, kwa Saning'o na Lomayani baadaye. Meliyo kila mara aliahirisha. "Yangu iache," alisema. "Naitunzia mwaka nitakaooa."

Kisha vita vikaja. Tulikuwa tumekwisha tahiriwa, na askari wa boma la Wajerumani walipita wakikusanya wapagazi. Jumbe aliniacha kwa ajili ya yatima nyumbani kwangu, na Petro kwa kifua chake. Saning'o, Lomayani na Meliyo walifungwa kamba pamoja. Meliyo alipopita mbele yangu alijaribu kucheka. "Ile siku yangu nikirudi," akasema. "Na usije na jembe bovu."

Hakurudi hata mmoja. Mama yake Meliyo alingoja, kisha akahamia kwa nduguze akafia huko, na kipande chao cha mfereji kikagawiwa watu wengine.

Siku hizi maji mengi yanapita kwenye mabomba, na vijana wakiitwa mferejini huuliza kwanza watapewa nini. Siwalaumu sana, hawajawahi kuimbiwa wimbo kwa mwendo wao. Mimi bado nakwenda. Nikimaliza kipande changu naendelea hadi pale palipokuwa pa kina Meliyo, nachimba kidogo, na mwenye pale sasa hunishukuru akidhani namsaidia yeye. Lakini jembe hulipwa kwa jembe, kwenye kipande cha nyumba ya mwenyewe, na nyumba ile haipo. Mzee Loibanguti aliniambia nisife nazo. Tatu nilizilipa. Ya Meliyo ninayo mpaka leo.