Nani Anabisha Hodi Asubuhi ya Harusi

Darasa la nne nilisimamishwa kusoma kwa sauti, nikasoma: "Baba alilia shambani mpaka jioni." Kitabuni baba alikuwa amelima. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akageukia ubao ili tusimwone, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Tangu siku hiyo wavulana wa mtaani wakawa wananipita na baiskeli huku wakipiga kelele, "Vipi, baba ameshanyamaza?" Baba yangu mwenyewe alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na sijawahi kumwona akidondosha chozi. Siku moja wakamuuliza hivyo hivyo njiani, naye akaja moja kwa moja nyumbani kumuuliza mama kama kuna msiba ambao hajaambiwa.

Basi mimi na vitabu tukaachana. Kusoma nilijua, ila polepole, kama mtu anayevuka tope. Kitabu kwangu kilikuwa mali ya mwalimu, sawa na chaki na fimbo, na nilikuwa nangoja tu nimalize la saba nimrudishie mwenyewe.

Ukindu ndio uliotupatanisha. Miaka ile ya tisini, pale Ifakara, kila kiangazi mpunga ukishaingia ndani, wanawake walikuwa wakikusanyika uani kwetu baada ya chakula cha mchana kusuka ukili wa mikeka. Waliokuwa hawakosi ni watatu: mama, shangazi ambaye ni dada mkubwa wa baba, na mke wa fundi baiskeli aliyekaa nyumba ya pili. Mimi kama binti wa nyumba nilitakiwa kujifunza. Ukindu ulinikata vidole, na ukili wangu ulipinda kila upande. Shangazi aliushika, akaunyoosha mbele ya macho yake, akasema, "Mwanangu, huu ni mkeka au ni njia ya kwenda Mofu?"

Sasa mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mwalimu, na alipohamishiwa Uchindile aliacha sanduku lake kwetu. Siku moja mama akagundua kwamba mchwa wameliingia. Akatoa kila kitu kukianika juani, na katika vitu hivyo kulikuwa na kitabu cha hadithi chenye picha ya mwanamke aliyesimama mlangoni na kanga kichwani. Mke wa fundi baiskeli akakitazama, akauliza, "Na huyu anamngoja nani?"

Hakuna aliyekuwa na mkono wa kukifungua. Mama akanigeukia. "Haya, chagua. Ukindu au kitabu?"

Nikachagua kitabu kama mgonjwa anavyochagua kidonge kwa kuogopa sindano.

Ukurasa wa kwanza ulinitoa jasho. Lakini nilipoinua macho, hakuna aliyekuwa ananitazama. Wote walikuwa wameinamia kazi zao, na mwendo wangu wa konokono ulikwenda sawa na vidole vyao. Nikikosea, walinisahihisha kwa akili ya hadithi. Nilisoma kwamba yule mwanamke alimpika mama mkwe wake, shangazi akadakia, "Ngoja! Hawezi kumpika. Soma tena." Nikasoma tena: alimpikia. Wakacheka mpaka shangazi akaangusha ukili, na mimi nikacheka nao, maana safari hii aliyechekwa alikuwa mama mkwe aliyeingizwa chunguni.

Hadithi yenyewe ilihusu mwanamke ambaye mumewe alikwenda mjini kununua kipuri cha mashine ya kusaga, asirudi. Miaka ikapita. Akatokea seremala mpole, akaanza kumletea vipande vya mbao vya kuwashia moto, kisha akamtengenezea mlango, kisha akaposa. Wale wasikilizaji wangu walikuwa hawanyamazi. Mke wa fundi baiskeli alimpenda seremala tangu kile kipande cha kwanza cha mbao. Shangazi alikuwa na wasiwasi naye. "Mwanamume asiyekasirika," alisema, "ujue hasira zake ameziweka mahali." Nilikuwa nangoja wamalize kubishana ndipo niendelee, na siku nyingine jua lilizama tukiwa tumesoma kurasa mbili tu.

Tukafika mwishoni. Asubuhi ya harusi, watu wamejaa, pilau iko motoni, mtu akabisha hodi. Mwanamke akafungua mlango, na pale nje alisimama...

Nikafunua ukurasa. Palikuwa na udongo na matundu. Mchwa walikuwa wamekula yote yaliyobaki.

"Alisimama nani?" mama aliuliza.

"Mchwa wamemla," nikajibu.

Zogo lililofuata lilidumu wiki nzima. Shangazi alishikilia kwamba ni yule mume. Mke wa fundi baiskeli alisema ni mama yake seremala, amekuja kuvunja harusi. Mama aliwashangaa wote wawili. "Ni jirani amekuja kuazima sufuria," alisema. "Siku ya harusi watu hawaachi kuazima sufuria." Mimi niliyekuwa nimeapa kuwarudishia walimu vitabu vyao, nilijikuta nateka maji kisimani huku nikiwaza ni nani yule mlangoni. Nikawaza mpaka ndoo ikafurika na wenzangu wakanigombeza.

Mama ndiye aliyenikumbusha kwamba parokiani kuna sista anayetunza chumba cha vitabu. Jumamosi nikaosha miguu, nikaenda.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele, amina. Unatafuta kitabu gani, mwanangu?"

"Kile ambacho mtu anabisha hodi."

Sista akatabasamu. "Karibu vyote vina mtu anayebisha hodi."

Nikamweleza kanga, seremala na kipuri cha mashine. Akapita kabati la kwanza, akapita la pili, akarudi nacho, kizima, hakina hata tundu. Ila hakuwa akiwaazima watoto wasiokuja na mzazi, akanionyesha meza karibu na dirisha. Nikaanza kusoma kama nilivyozoea uani. Sista akaja taratibu akaniwekea kidole begani.

"Midomo ipumzike. Hatusali rozari hapa."

Sikujua kwamba inawezekana. Nikafunga midomo, nikaogopa kwamba maneno yatakaa kimya nayo. Hayakukaa kimya. Yule mwanamke alisema ndani ya kichwa changu, na sauti aliyoitumia ilikuwa ya shangazi kabisa.

Aliyebisha hodi alikuwa mume. Akaomba msamaha, mwanamke akalia, akamsamehe, seremala akainamisha kichwa akaondoka, na kitabu kikaisha. Yote hayo yalichukua ukurasa mmoja na nusu! Nikarudia nikidhani nimeruka kurasa. Sikuwa nimeruka. Hapo nikapandwa na hasira, na hasira yenyewe ikanishangaza, kwa sababu sikuwahi kujua kwamba kitabu kinaweza kukosea na mimi nikawa sahihi.

Nilirudi mbio. Shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa amepatia, alikasirika kuliko wote. "Nilisema ni mume," alifoka. "Sikusema afunguliwe!"

"Na pilau ya watu?" mke wa fundi baiskeli aliuliza.

Mama alitikisa kichwa. "Huyo mwandishi alikuwa na njaa. Alitaka kumaliza akale."

Jumapili baada ya misa mama alikwenda kunidhamini kwa sista, nikaanza kuazima. Hapo tena likazuka tatizo jipya, maana nilikuwa nasoma mbele peke yangu, halafu uani nacheka kabla ya mahali pa kucheka. Mke wa fundi baiskeli aliligundua mapema. "Wewe! Unaonja mboga jikoni kabla ya wageni!" Akaamuru kitabu kilale kwake. Akawa anakificha juu ya magunia ya mpunga, nami nikawa namtembelea mara nyingi kuliko kawaida.

Mvua zilipoanza, kila nyumba ikahamia shambani. Sisi tulikuwa na shamba upande wa Mofu, na fundi baiskeli na mkewe walilima jirani yetu, ng'ambo ya mfereji. Nilikwenda na kitabu nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni, kinahusu dada wawili waliokaa nyumba moja bila kusemezana. Kipindi cha palizi, mchana mmoja wa mvua, nikakimaliza kibandani. Mama alikuwa amelala, baba amelala. Nikatazama huku na huku sina wa kumwambia, na jambo lenyewe linanichoma rohoni. Mvua ilipokatika nikavuka mfereji.

Mke wa fundi baiskeli alikuwa ndani ya maji hadi magotini, anang'oa magugu. Akaona kitabu, akaona na uso wangu.

"Usiniambie mwisho!"

"Sasa nikuambie nini?"

"Nisomee. Anza mwanzo."

Nikasimama juu ya tuta, nikaanza. Vyura walikuwa wanapiga kelele, ikanibidi nipaze sauti. Tulipofika pale dada mkubwa anapohamishia kitanda chake jikoni, fundi baiskeli mwenyewe, aliyekuwa mwisho wa jaruba, akaegemea jembe lake.

"Anahamia jikoni kwa nini?" aliuliza. "Sogea huku, mimi sisikii vizuri."

Palizi ya siku hiyo haikufika mbali.