Pengo la Unene wa Sarafu

Nimejaribu mara kadhaa kueleza kwa nini niliuharibu mlango ule, na kila mara maelezo yangu huanza kunitetea kabla hayajafika kwenye kosa. Kwa hiyo nitaanza na kosa. Mchana mmoja wa mwezi Machi nilichonga vipande vyembamba vya mbao, nikavipaka gundi, nikavigongomea ndani ya mlango wa kanisa ambao haukuwa kazi yangu. Fundi wake hakujua.

Fundi huyo tulikaa dawati moja shule ya msingi. Mimi nilikwenda chuo kikuu. Yeye alijifunza useremala, akafungua karakana Moshi mjini. Usharika wetu, ulio juu mlimani upande wa Marangu, ulipomaliza kujenga kanisa jipya, kamati ya ujenzi iligawanyika. Wengine walitaka mlango wa chuma, kama nyumba nyingi za siku hizi. Wengine walitaka mbao. Wakakubaliana kumjaribu yeye kwa sharti moja: wiki moja kabla ya kanisa kuwekwa wakfu wangeukagua mlango, na ukiwa na kasoro ungerudishwa mjini, aitwe fundi wa kuchomelea. Kwetu, mlango wa kanisa hutazamwa kila Jumapili na kila mtu anayeweza kukupa kazi nyingine. Kurudishwa kwake kungetazamwa vivyo hivyo.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu watahini walikuwa wameirudisha tasnifu yangu ya uzamili. Sina haja ya kueleza zaidi, ila kwamba tangu siku hiyo sikuweza kuona kitu kilicholegea bila kutaka kukikaza. Nilikaza skrubu za viti vya mama hadi mbao zikalia.

Mlango uliletwa mapema, ukahifadhiwa kwenye stoo ya kanisa. Mama yangu, katibu wa kamati, ndiye aliyetunza ufunguo, nami nikauomba. Ulikuwa mlango wa mbao za mringaringa, wenye mabawa mawili. Kila bawa fremu nene, na ndani yake paneli mbili pana zilizoshikiliwa kwa fito zenye skrubu. Viungo vya fremu havikupitisha hata unywele. Kisha nikaweka kiganja juu ya paneli, nikasukuma. Ikacheza. Nikasukuma ya pili, nayo ikacheza, kwa mlio mdogo mkavu. Nilifungua ufito mmoja: kati ya paneli na fremu palikuwa na pengo la unene wa sarafu. Zote nne zilikuwa hivyo, kushoto na kulia.

Nilipaswa kumpigia simu. Nikawaza kwamba nikimwambia nitamwaibisha, na nisipomwambia wazee watasukuma kama nilivyosukuma. Nikachagua njia ya tatu, ambayo wakati ule niliiita urafiki. Nilijaza mapengo yote manane kwa usahihi ambao hadi leo unanitia aibu, nikarudisha fito, nikafuta gundi kwa kitambaa chenye maji. Nikasukuma tena. Kimya. Usiku huo nililala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Kisha masika yakaanza. Mvua ilinyesha siku kumi na nane bila kupumzika.

Asubuhi ya ukaguzi alifika na begi la vifaa begani, akaniona mlangoni pa stoo.

"Msomi! Shahada imeshafika, au bado inapanda mlima?"

"Imeishiwa pumzi njiani."

"Ishushe, aisee, inywe chai kwanza."

Nilicheka. Wazee sita walikuwa wamekwisha kuingia, na mama na daftari lake la muhtasari. Rafiki yangu akawaamkia shikamoo, akavuta turubai. Kwenye kona ya juu ya bawa la kulia, bega la fremu, pale pande mbili zinapokutana, lilikuwa limejitenga na mwenzake. Kucha ingepita. Kigingi cha mti kilichofunga kiungo kilikuwa kimepasuka.

Rafiki yangu alipitisha kidole kwenye ufa, akarudi mwanzo, akapitisha tena.

"Kiungo hiki nilikifunga mwenyewe," alisema taratibu. "Sielewi."

"Chuma hakina kona za kufunguka," mzee mmoja akasema.

"Kina kutu," akajibu mwingine, lakini bila nguvu.

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, akavua miwani. Nilijua ishara ile. Alikuwa karibu kutoa hukumu. Nami, kwa muda usiozidi pumzi mbili, nilipiga hesabu yote: hakuna aliyeniona, gundi imekauka, mvua ingebeba lawama. Hesabu ilikuwa sahihi. Ndiyo iliyonitisha.

"Ni mimi," nilisema. "Kuna vipande ndani. Niliviweka mimi."

Rafiki yangu hakunitazama. Alichukua bisibisi, akafungua ufito, akaingiza patasi, na kipande changu kikatoka kimepinda kama ganda la mdalasini.

"Hiki ni nini?"

"Paneli zilikuwa zinacheza."

"Zinatakiwa zicheze!" Akawageukia wazee. "Mbao hizi zimekaukia Moshi, wazee wangu, kwenye jua. Huku juu zinakunywa unyevu hadi zinanenepa. Zitanenepea wapi? Niliziachia nafasi. Huyu amemfunga mkanda mtu anayekwenda kula pilau."

Mzee mmoja alicheka, akajikohoza. Mimi nilikuwa nikitazama kiungo. Nilikuwa nimeamini kwamba kazi bora ni ile ambayo hakuna kitu kinachosogea ndani yake. Lakini kubana kule kwa viungo nilikokusifu kulitegemea kulegea kule kwa paneli nilikokuonea aibu. Fundi alikuwa amelipima pengo kwa mvua ambayo ilikuwa haijanyesha.

"Maneno tumeyasikia," mwenyekiti alisema. "Kiungo bado kiko wazi."

"Nipeni muda wa saa mbili," rafiki yangu akasema.

Alinikabidhi patasi, nami nikatoa vipande saba vilivyobaki, wazee wakiwa wamesimama nyuma yangu. Yeye alichonga kigingi kipya. Akalibana bawa kwa kamba na mti wa kusokotea, akagonga kwa nyundo ya mbao, akasikiliza, akagonga. Ufa ulipungua, ukagoma. Akalegeza kamba, akapangusa kitu ndani ya tundu, akaanza upya. Mara ya tatu bega likakaa mahali pake, na kigingi kikaingia.

Mwenyekiti alijaribu kupitisha kucha, kisha ncha ya kalamu ya mama. Haikuingia.

"Tumeupokea," alisema.

Mama akauliza, macho kwenye daftari, kama aandike jina la aliyeziba mapengo. Rafiki yangu alikuwa akifuta patasi yake.

"Mama, andika mlango umepokelewa," alisema. "Basi."

Mama akaandika. Kisha akaendelea kuandika mistari mingine miwili, nami sikuthubutu kuuliza alichoongeza.